Mtamba Aliyezoea Sauti ya Mwenzangu

Mtamba yule hakujua Kiingereza. Sisemi kwa mzaha. Ng'ombe wengine wa shule yetu waliitika Kiingereza cha wanafunzi na Kizulu cha mwalimu wetu wa kilimo, lakini yeye alilelewa tangu ndama na rafiki yangu, na rafiki yangu akiwa na mnyama hakusema lugha nyingine ila Kiswahili cha kwao Bukavu. Kwa hiyo rafiki yangu alipofariki, pale shuleni alibaki mtu mmoja tu wa kusema na mtamba yule. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Shule ilikuwa kusini mwa Johannesburg, ukishapita vilima vya mchanga wa njano vilivyoachwa na migodi ya dhahabu. Mimi nilitoka Mayfair, ambako baba alikuwa na duka la vitambaa na mama akishona. Yeye alitoka Yeoville, ambako mama yake alikuwa na saluni ya kusuka. Mwaka wangu wa kwanza pale sikuwa na rafiki hata mmoja. Siku moja nilikuwa napita nyuma ya banda nikasikia mtu anamgombeza ndama: "Weye, unanikanyangia nini? Hunioni miye?" Nikacheka peke yangu. Msichana mmoja mwembamba akatokeza kichwa juu ya ukuta wa banda, ana majani makavu kwenye nywele.

"Unasikia?" akaniuliza.

Kwao, kusikia lugha ndiyo kuielewa. Nikamjibu kwamba nasikia, ila mimi ni wa Tanga. Akafungua kilango cha banda. "Basi kuya umushike kichwa," alisema, "mimi nimuoshe miguu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye chama cha vijana wa maonyesho ya mifugo. Kwa asiyejua, kazi yenyewe ni hii: kijana anakabidhiwa mnyama, anamzoesha hatamu, anamwosha, anamnyoa manyoya yaliyozidi, kisha siku ya maonyesho anavaa nguo nyeupe na kumtembeza polepole ulingoni mbele ya mwamuzi. Mwamuzi anaangalia umbo la mnyama na jinsi anavyoongozwa. Mnyama mwenye hofu anajulikana kutoka mbali, na mwongozaji mwenye hofu anajulikana zaidi.

Nilidhani ni mashindano, na kweli ni mashindano, lakini jambo lililonishangaza ni namna watu wale walivyosaidiana. Katika maonyesho yetu ya kwanza shampuu yetu iliisha kabla hatujafika mkiani. Binti wa mkulima wa Kizungu, ambaye angeingia nasi ulingo mmoja, kundi moja, alitusukumia ndoo yake ya sabuni kwa mguu. Mchana ng'ombe wake alipomkanyaga, mimi nilimshikia hatamu na rafiki yangu akamvua buti na kumkanda vidole. Hakuna aliyeona ajabu. Mwalimu wetu alituambia kwamba ndiyo desturi. Ulingoni kila mtu na mnyama wake, lakini mabandani wanyama wote ni wa watu wote.

Rafiki yangu alikuwa na pumu. Mama yake hakupenda ile kazi ya vumbi na majani, na kwa muda mrefu walivutana. Mwishowe walipatana kwamba ataendelea, ila ajifunge kitambaa puani, na dawa yake ya kuvuta isitoke mfukoni. Alitii. Nilizoea kumwona macho tu juu ya kitambaa cha maua, na nilizoea jinsi anavyomwita mtamba wake. "Kuya, mama," alisema. "Kuya polepole." Kifua kilikuwa hakimruhusu kulimaliza neno kwa mkupuo. Alisema "ku", akavuta pumzi ndogo, kisha "ya" ikatoka chini, karibu na mnong'ono. Mtamba alikuwa wa rangi ya mdalasini, mwenye macho meusi kama yaliyotiwa wanja. Akisikia pumzi ile anainua masikio na kumfuata, hatamu ikining'inia tu bila kuvutwa.

Rafiki yangu alifariki asubuhi moja ya baridi kali, wakati wa likizo, nyumbani kwao. Alikuwa hajakanyaga zizini kwa wiki kadhaa. Kifua kilimbana ghafla, na gari la wagonjwa lilipofika hapakuwa na la kufanya.

Kwenye ibada ya mazishi kule Yeoville, vijana wa chama walikuja wakiwa wamevaa nguo zao nyeupe za ulingoni. Hakuna aliyewaagiza. Binti wa mkulima alikuja na wazazi wake kutoka mbali, naye amevaa nyeupe, wakasimama wote nyuma ya kanisa, safu moja, mikono mbele, kama wanavyosimama wakisubiri mwamuzi. Mama wa rafiki yangu aligeuka akawaona. Alinivuta kwa mkono.

"Hawa ni banani?"

"Ni wenzake wa ng'ombe, mama. Wamekuja kumsindikiza."

Aliwatazama muda mrefu. Kisha akasema, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayetoa habari: "Ile ngombe njo ilikulaka mutoto yangu."

Yaani ng'ombe ndiye aliyemla mtoto wake. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Lakini siku ile hakuwa mtu wa kubishana naye.

Shule zilipofunguliwa, tulimkuta mtamba amekonda. Alikuwa akisimama kwenye pembe moja ya zizi akitazama geti. Asubuhi, saa ambayo teksi yetu, ndiyo daladala ya kule, ilizoea kufika, alilia mara moja, kisha akanyamaza. Mwalimu alijaribu kumvalisha hatamu, akakubali. Alipojaribu kumtembeza, alikita miguu ardhini. Vijana watatu walimvuta hadi kamba ikawachuna viganja, wala hakujongea.

"Eish," mwalimu alisema, akijifuta jasho. "Mtamba huyu ni wa kuazimwa. Mwenye mali alituachia tangu akiwa ndama, mwisho maonyesho ya majira ya kuchipua. Akirudi hivi, hatembei, hali, mwenyewe hatamweka. Mnajua atakakopelekwa."

Tulijua: machinjioni. Basi vijana wakagawana kumhudumia. Huyu alimletea majani mabichi, yule alimpiga brashi, mwingine alikaa tu naye wakati wa mapumziko akila mkate wake. Wote walikuwa na wanyama wao wa kutayarisha, na muda ulikuwa unayoyoma, lakini hakuna aliyesema amechoka. Mtamba alianza kula. Kutembea alikataa.

Siku moja nilikuwa nasafisha ndoo karibu naye, mawazo yako mbali. Nikamwambia kama nilivyomwambia ng'ombe yeyote, "Njoo, njoo huku." Hakunisikia. Nikasema tena, na sijui kwa nini nililitumia neno la mwenzangu: "Kuya, mama." Masikio yakainuka kidogo, yakashuka.

Niliweka ndoo chini. Nilijua kilichokosekana. Nilijua kabla ya kujaribu, na nilisita, maana nilihisi naingia chumba cha mtu bila kubisha. Kisha nikasema "ku", nikavuta pumzi ndogo kama yake, kama mtu ambaye kifua kimembana, na "ya" nikaiacha itoke chini.

Mtamba aliinua kichwa. Akapiga hatua, na nyingine. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alitazama nyuma ya bega langu, kitu kilichosimama karibu sana na mimi, kwa macho ya mnyama aliyemwona mtu wake. Nywele zikanisimama. Niligeuka. Palikuwa na ukuta wa banda na brashi zimetundikwa, basi.

Nilipogeuka tena, pua yake ilikuwa imefika kwenye mkono wangu.

Kuanzia hapo kazi ya kumwongoza ikawa yangu. Mwalimu alifurahi na wenzangu walifurahi. Kijana mmoja alimchukua ng'ombe wangu niliyekuwa nimepangiwa, akawa anaongoza wawili. Mimi nilitembea kuzunguka zizi kila siku, nikimwita mtamba kwa pumzi isiyo yangu. Sikuweza kumwita kwa namna nyingine. Nikijisahau nikalisema neno zima kwa kifua changu kizima, anasimama. Na kila mara, kabla ya kunijia, hutazama kwanza nyuma yangu.

Jioni moja nyumbani mama alikuwa anashona, mimi namwekea pasi ya moto. Nilimwambia neno moja la kawaida tu, nadhani nilimwomba uzi. Akasimamisha cherehani.

"Una nini kifuani?"

"Sina kitu, mama."

"Mbona unapumua katikati ya maneno?"

Sikuwa nimejua kama nafanya hivyo.

Maonyesho yalifika, jakaranda zikiwa zimeanza kuchanua. Tulifika uwanjani alfajiri na mapema. Binti wa mkulima alitujia kabla hata hatujashusha vyombo. Alikuwa na mashine ya kunyolea mkononi.

"Nani anamnyoa wa rafiki yetu?" aliuliza.

Tukatazamana. Rafiki yangu alikuwa akimnyoa mwenyewe, sisi wengine tulikuwa wa kushika kichwa. Binti wa mkulima hakusubiri jibu. Alivuta kigoda, akaanza mgongoni, taratibu, akifuata mstari wa uti. Wake mwenyewe alikuwa bado hajaguswa, na walikuwa wanaingia kundi moja. Mtu wa shule nyingine, aliponiona nimechafuka njiani, alituletea shati jeupe la akiba. Mama yangu alikuwa amenishonea hijabu nyeupe mpya, na akaja kuketi mabenchini na vyakula vyake ndani ya mfuko.

Mwalimu alikuwa amepita saluni Yeoville kumwalika mama wa rafiki yangu. Alituambia mama yule alimsikiliza akiendelea kusuka.

Tuliingia ulingoni kwa mstari. Mtamba alitembea vizuri kuliko siku zote. Kwa sauti ndogo nilimwambia, "Kuya, mama. Kuya polepole," na pumzi ile katikati, na alinifuata shingo ikiwa juu. Tukazunguka upande wa mbali wa ulingo. Hapo akasimama.

Nilimwita. Hakusogea. Nilitazama anakotazama, nikaona mabenchini mwanamke aliyejifunga vitenge vyeusi, ameketi peke yake. Mama wa rafiki yangu alikuwa amekuja.

Niliita tena, safari hii kwa sauti, maana hapakuwa na njia nyingine. Nilimwona mama yule akishtuka kama mtu aliyeguswa na moto. Akasimama, akashuka ngazi za mabenchi mpaka kwenye uzio, akashika chuma kwa mikono miwili. Nilitaka kumwachia mtu hatamu nitoke nje nikimbie.

Binti wa mkulima ndiye aliyekuwa nyuma yangu. Angeweza kunipita, na sheria inamruhusu, na mwamuzi alikuwa amemkazia macho mtamba wake tangu tulipoingia. Hakupita. Alimleta mtamba wake ubavuni kwa wangu, bega kwa bega, akasimama. Waliokuwa nyuma yake wakasimama nao. Ulingo mzima ukasimama.

"Usiharakishe," alininong'oneza, uso umeelekea mbele kama inavyotakiwa. "Tupo."

Mwamuzi aliweka mikono nyuma, akangoja.

Kutoka kwenye uzio nikasikia: "Sema tena."

Niliogopa kumtazama.

"Mama, sema tena," alisema mama wa rafiki yangu. Kwao hata mtoto wa kike huitwa mama. "Umwite tena."

Nikaita. Ku, pumzi, ya. Mtamba akapiga hatua, na mtamba wa jirani akapiga hatua naye, tukaondoka pamoja, na mstari ukatufuata. Hatukushinda. Mwamuzi alituweka katikati ya kundi, na binti wa mkulima hakupata nafasi ya kwanza. Kama ni kwa sababu ya kusimama kule, sijui. Hakuwahi kulitaja.

Mama wa rafiki yangu alikuja mabandani baadaye. Hakumgusa mtamba, hata hakumsogelea. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," naye kama kawaida hakujua la kujibu, maana kwao hawana salamu hiyo. Alinishika kidevu akanitazama mdomo, kama mtu anayetafuta kitu kilichofichwa humo.

"Iko mule," alisema. "Ukuye Jumamosi kwangu."

Nilikwenda. Nilifikiri nalo ni sehemu ya kazi ileile tuliyokuwa tukifanya wote, ya kumshikia mtu kilichomshinda. Mama yule aliniketisha kwenye kiti cha nyuma ya pazia, akanivua hijabu, akaanza kunisuka. Alipomaliza wateja na saluni ikatulia, alisema, "Ingia kwa mlango, uniambie umefika."

Nilitoka, nikaingia. "Mama, jambo. Nimefika," nilisema, kwa pumzi ya mwanawe.

"Karibu," alijibu akiwa amenipa mgongo. "Umekula?"

"Bado."

"Njaa iko?"

"Iko kidogo."

Alinipa sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, na ugali, akaketi mbele yangu akinitazama nikila. Nilirudi Mayfair nikiwa na moyo mwepesi, nikiamini nimempa mtu faraja.

Jumamosi zikafuatana. Maneno yakaongezeka. Alinitaka niombe dawa ya kuvuta, nilalamike baridi, nimsimulie ya shuleni. Nilimsimulia ya kwangu, naye akayapokea kama ya mwanawe. Kisha akanitolea sweta ya rafiki yangu niivae kwa sababu nje kulikuwa na mvua. Kisha akaanza kuniita kwa jina lake. Mara ya kwanza nilimsahihisha. Mara ya pili niliitika.

Kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Wakati mwingine nikiwa nyuma ya pazia lile, nimevaa ile sweta, nilisema jambo kabla sijaulizwa, na mama yule akageuka uso umemwiva, akasema, "Hilo ulilijua namna gani?" Lilikuwa jambo la kwao, la utoto wa mwanawe, la mbwa fulani au la maji kuingia ndani. Huenda rafiki yangu alinisimulia nikasahau. Tulizungumza mengi kwenye teksi. Najiambia hivyo.

Siku moja, nikirudi kutoka Yeoville, teksi ikiwa imesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, karibu na Bertrams, kifua kilinibana kweli. Sikuweza kuvuta pumzi. Mwanamke aliyekaa kando yangu alinifungulia dirisha akanipigapiga mgongo. Hospitali walinipima wakasema mapafu yangu ni mazima, hakuna pumu wala dalili yake. Mama alisikiliza hadi mwisho. Tulipofika nyumbani aliniuliza kwa utulivu Jumamosi huwa nafanya nini Yeoville, nami nikamweleza yote.

Hakunigombeza. Aliketi kwenye cherehani bila kushona. "Mimi sauti yako nimeisikia lini mara ya mwisho?" alisema, na sikujua kama ananiuliza mimi.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wawili. Mama alibisha hodi, akakaribishwa, akakataa kiti.

"Mama mwenzangu," alisema, "pole na msiba. Nilipaswa kuja siku nyingi. Leo nimekuja kumchukua mwanangu."

Mama wa rafiki yangu aliweka kitana chini. "Njo huyu hapa. Hakuna mutu amemufunga."

"Najua. Lakini akija huku, anarudi nusu."

Nje muziki wa duka la jirani ulikuwa ukilia. Mama wa rafiki yangu alitazama mikono yake. "Na miye nikimwacha huyu," alisema, "nitasikia nani?"

Mama yangu alisogea karibu naye. Kwao Tanga walifuga ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba, na alikuwa amenihoji sana kuhusu mtamba yule, anakula vipi, analia saa ngapi, anatazama wapi. Sasa akasema, "Kuna mwingine anayemsubiri mwanao kama wewe. Hajapewa hata maelezo. Twende ukamwone."

"Ile ngombe? Sitaki kuiona."

"Ulimwona kule uwanjani. Ulifuata nini?"

Alifunga saluni.

Mwalimu alitufungulia geti la shule. Wiki ile ndiyo kwanza tumethibitishiwa kwamba mtamba ana mimba, na mwenye mali alikuwa amekubali abaki kwetu. Alikuwa kwenye malisho ya mbali, kahawia juu ya majani yaliyonyauka. Mama wa rafiki yangu alisimama kwenye uzio, amejiziba pua na ncha ya kitenge. Nilivuta hewa ili niite. Mama akanishika kiganja, akanibana kwa nguvu.

"Nyamaza," alisema.

Tukasimama. Upepo ulikuwa unapiga mabati ya banda. Muda ulipita mrefu kiasi kwamba mwalimu alianza kukohoa kwa aibu. Kisha mama yule akashusha kitenge usoni, akaita.

"Kuya, mama. Kuya polepole."

Neno lilitoka zima. Halikuwa na pumzi katikati. Lilikuwa lilelile, kwa mvuto uleule na kushuka kulekule mwishoni, ila lilitoka kwenye kifua kisichougua. Nilielewa hapo kwamba nilichokuwa nikiiga kilikuwa nacho kimetoka kwa mtu mwingine.

Mtamba aliinua kichwa. Safari hii hakutafuta pembeni wala nyuma ya mtu. Alikuja moja kwa moja, kwanza kwa kutembea, kisha mbio, tumbo likiyumba, mpaka mwalimu akaogopa kwamba atagonga uzio. Alisimama akanusa viganja vya mama yule, vilivyokuwa na mafuta ya nywele.

"Hivi njo nilikuwa namwita," mama yule alisema, si kwetu. "Alipokuwa anajifunza kutembea. Hivi tu." Akalia mkono ukiwa bado mbele, na ng'ombe akaendelea kuulamba.

Baada ya muda alijifuta macho, akamgeukia mwalimu na kumuuliza, "Inakulaka nini?"

Hakuwahi kusema kwamba amemsamehe ng'ombe yule, au kwamba palikuwa na la kusamehe. Aliendelea kuja. Alisema anafuata hewa. Maonyesho ya mwaka uliofuata alikuja na vitana vyake. Mikia ya ng'ombe wa maonyesho huchanwa na kutunishwa, na yeye aliitengeneza mikia ya ng'ombe wetu wote, kisha watu wa mabanda mengine wakaanza kumletea yao, akaitengeneza nayo. Mkia wa ng'ombe wa binti wa mkulima aliutengeneza wa mwisho, kwa muda mrefu kuliko yote, wala hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Mama yangu aliketi kando akigawa sambusa. Mimi nilirudi kwa ng'ombe wangu mvivu.

Kifua hakijanibana tena. Lakini nilipoteza kitu. Nikijaribu leo kumkumbuka rafiki yangu akisema, najisikia mimi nikimwiga. Ile sauti yangu ya kuazima imekaa mahali pa ile ya kweli, na sijui kama nililomfanyia ni kumhifadhi au kumfuta. Mama yake sikuthubutu kumuuliza.

Mwaka huu binti wa mkulima alinitumia video aliyoipata kwenye simu yake ya zamani. Ni ya maonyesho yetu ya kwanza, sehemu ya kuoshea. Rafiki yangu ameinama, kitambaa cha maua kimeshuka shingoni, anamsugua ng'ombe magoti. Anageuka kwenye kamera na kusema kitu, anacheka, anasema tena. Siku ile kulikuwa na upepo, na simu imenasa upepo mtupu. Nimeitazama mara nyingi. Midomo inajongea, namwona anavyosimama katikati ya neno kuvuta hewa, kisha anaendelea. Siwezi kujua anasema nini.